Jino Lililobaki Juu ya Paa

Daktari Namsifu Mbwambo alikuwa amepanda vyeo vingi maishani mwake, lakini hakuna kilichowahi kumpandisha juu ya paa la bati la mtu, amevua viatu, amekunja suruali, na kopo la vifaa vya upasuaji amelikumbatia kifuani. Chini yake Bi Asumini ameishika ngazi kwa mikono miwili na anamsimamia kama mwenye nyumba anavyomsimamia fundi asiyemwamini.

"Usikanyage katikati ya bati, daktari, litabonyea! Kanyaga penye misumari!"

"Nimekusikia, Bibi."

"Na ukianguka, mimi sina mtambo wa kukuotesha kiuno!"

Zaituni, mjukuu wa Bi Asumini, alicheka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, na alipocheka alifunika mdomo kwa upande wa mtandio, kama alivyozoea kufanya tangu uvimbe ulipoanza. Alikuwa msichana wa miaka tisa, mwenye maneno mengi kuliko pumzi. Lakini taya lake la juu lilikuwa limevimba hadi mdomo ukanyanyuka na kugusa pua, na maneno yake yalitoka yamefumbatika. Ilibidi umwombe arudie, na yeye hakupenda kuombwa arudie.

Uvimbe ule haukuwa kansa. Ulizaliwa na seli za meno zilizokosa adabu, zikaendelea kujenga pale zilipopaswa kukoma. Ungekatwa, na taya la juu lote la mbele lingeondoka nao. Zamani, enzi za walimu wa Namsifu, daktari angemwekea mtoto taya la chuma. Tatizo la chuma ni kwamba hakikui. Mtoto hukua, uso hurefuka, chuma kinabaki pale pale, basi hurudishwa kitandani akatwe tena, na tena, mpaka awe mtu mzima aliyechoka. Sasa taya halikutengenezwa tena. Lilioteshwa. Ulichonga kiunzi laini cha kuyeyuka, ukapanda humo mbegu, yaani seli zilizolala ndani ya jino la utoto, na mwili ukafanya yaliyobaki.

Kwa hiyo watoto wote wa nchi, jino la utoto likidondoka, walimpelekea mwalimu darasani, naye akalipeleka Ghala la Mbegu likahifadhiwe kwenye baridi. Watoto wote, isipokuwa Zaituni. Kule kliniki, Namsifu alipouliza meno ya huyu mtoto yako wapi, Bi Asumini alimjibu kwa utulivu wa mtu aliyetimiza wajibu wake.

"Yako juu ya paa. Kwani kwenu mnayaweka wapi?"

Alikuwa amefanya kama alivyofanyiwa na mama yake. Mtoto hushika jino, huipa nyumba mgongo, hulirusha paani kupitia juu ya bega na kuomba apewe jipya. Namsifu mwenyewe alirushiwa la kwake kule Upareni, na hakuwa na uso wa kumlaumu bibi wa watu. Seli alizokuwa nazo Zaituni mdomoni sasa hazikufaa, kwani zote zilishaambukizana tabia ile mbaya. Zilizofaa ni zile zilizodondoka kabla ya uvimbe kuanza. Basi daktari akaagiza ngazi.

Alifungua kopo na kumimina sisimizi wake juu ya bati.

Ndivyo walivyoitwa na kila mtu, ingawa walikuwa mashine, kila mmoja mdogo kuliko punje ya ufuta. Kazi yao hasa ilikuwa kunyoosha meno. Waliingizwa ndani ya fizi, wakamega mfupa kidogo mbele ya mzizi na kujenga kidogo nyuma yake, jino likatembea bila nyaya na bila mtoto kulia. Lakini walijua kunusa seli za jino popote zilipo, na leo Namsifu aliwapa kazi ambayo hakuna aliyewahi kuwapa. Walitapakaa juu ya bati. Wengine waliteremka kwenye gata la maji ya mvua, wengine wakajipenyeza chini ya paneli za sola alizofunga marehemu mume wa Bi Asumini miaka mingi iliyopita.

Kwa muda hakukuwa na kitu ila jua na sauti ya kuku. Kisha kutoka chini ya paneli likatokea jino. Dogo, la njano kidogo, likisukumwa polepole na sisimizi kumi wasioonekana vizuri, utadhani linatembea lenyewe. Nyuma yake likaja la pili. Likaja la tatu. Yalikuja kwa mstari juu ya mifereji ya bati, meno ya watoto wa nyumba ile waliokuwa wamekua, wakaolewa, wakahama, na wengine wakafa, yakamfuata daktari aliyekuwa amepiga magoti na kusahau kabisa kwamba bati linamchoma.

"Vipi huko?" aliita Bi Asumini. "Mbona kimya?"

Namsifu alilipokea jino la kwanza kiganjani. "Yanakuja, Bibi," alisema mwishowe. "Yanakuja yenyewe."

*

Waliyapanga kwenye sinia juu ya pamba. Bi Asumini alileta chai na viazi, akavaa miwani, akainama kuyatazama. Alianza kwa kutania. Hili kubwa lazima ni la mjomba fulani, alikuwa mlafi tangu tumboni. Kisha mkono wake ukasimama.

"Humu yatakuwamo na ya Mwantumu," alisema.

Mwantumu alikuwa mama yake Zaituni. Alifariki Zaituni akiwa bado anatambaa, baada ya ugonjwa mrefu wa damu ambao ulimpeleka kila hospitali yenye jina. Bi Asumini alimweleza daktari habari hiyo huku akizungusha kikombe bila kunywa. Kila hospitali ilimkata kipande. Cha ini, cha uboho, cha ngozi. Vyote vilitiwa kwenye vichupa vikapelekwa kusikojulikana, wala dawa haikuja.

"Siku za mwisho akaniambia, mama, nimechoka kukatwakatwa. Nikifa nizike na kila changu, kisibaki hata kidogo kwenye vichupa vyao. Nikamwahidi. Daktari, nilikwenda hospitali zote zile. Nilipiga kelele mpaka wakanirudishia. Nywele nilizitoa kwenye vitana, kucha nikaziokota chini ya kitanda. Nikavizika vyote naye." Alivua miwani. "Paa sikulikumbuka."

"Bibi, hukuwa na sababu ya kulikumbuka."

"Alikuwa na mwanya hapa mbele," alisema Bi Asumini, kama hakumsikia. "Mpana hasa. Akitoka shule unamsikia kabla hujamwona, anakuja anapiga mluzi kwa huo mwanya toka kule kwenye migomba. Nami nikiwa jikoni namfokea, acha mluzi wewe, utaita nyoka. Kila siku. Hata siku moja hakuacha." Akacheka, akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Nenda nayo ukayapime, mwanangu. Ila yatakayokuwa yake unirudishie nikayazike."

"Nitakurudishia," alisema Namsifu.

Hakufikiri mara mbili. Kilikuwa kitu kidogo kuahidi.

*

Mtambo wa hospitali ya mlimani uliitwa Mchongaji, kwa sababu ndio uliochonga viunzi, ingawa ulijua pia kupima na kuzungumza. Namsifu aliweka meno ndani yake moja baada ya jingine. Ya Zaituni yalitambulikana upesi. Yote yalikuwa kwenye gata, yamenyeshewa na kukaangwa na jua, na ndani yake hamkuwa na kitu ila vumbi. Ya wajomba, vumbi. Ya shangazi, vumbi. Daktari alikuwa amekwisha kuanza kutafuta maneno ya kumwambia Bi Asumini habari za taya la chuma, Mchongaji aliposema:

"Hili lina uhai."

Lilikuwa limekaa chini kabisa ya paneli, mahali pakavu na penye giza, kwenye baridi ya milima, tangu kabla Zaituni hajazaliwa. Namsifu aliikuza picha kwenye kioo cha ukutani. Katikati ya uwazi wa jino, kwenye uzi mmoja wa nyama iliyokauka, seli chache zilikuwa zimejikunja. Aliziongezea joto na maji. Akasubiri. Moja ikajinyoosha. Ikatulia, kama mtu aliyeamka asijue yuko nyumba gani, kisha ikajibana katikati na kuwa mbili.

Namsifu alikuwa mtu wa majivuno kidogo, na alishaona maajabu mengi ya kazi yake hata akaacha kuyaita maajabu. Lakini siku ile alisimama mbele ya kioo na nywele za mikono zikamsimama.

"La nani?" aliuliza, ingawa moyo ulishamwambia.

"La mwanamke. Mama wa mgonjwa. Halina ule uvimbe wala ugonjwa wa damu, lilidondoka mapema mno. Mwili wa mgonjwa utalipokea. Nianze kuchonga?"

Daktari alivuta kiti akakaa.

Uvimbe ulikuwa unaelekea chini ya jicho. Wiki hii lazima ukatwe, na mbegu hupandwa siku ile ile ya kukata, kwani jeraha likishajifunga, mfupa hausikii tena. Ilikuwa mbegu hii au chuma. Akafikiri jinsi ilivyokuwa rahisi. Ukishatoa seli, ganda la jino hubaki vile vile. Angempa Bi Asumini ganda, bibi angelizika, angelia kidogo, angeridhika. Angemwambia iliyopandwa ni mbegu ya Zaituni mwenyewe. Nani angejua? Mtoto angepata taya, bibi angepata amani, na yeye Namsifu angelala vizuri.

Hapo ndipo alipokwama. Asingelala vizuri. Alimwona Mwantumu, mtu ambaye hakuwahi kukutana naye, amelala kwenye kitanda kama vile vyake vya wodini, amezungukwa na watu wenye koti jeupe kama lake, kila mmoja akiwa na sababu nzuri ya kuchukua kipande. Wote walikuwa na sababu nzuri. Na hakuna aliyemwuliza.

"Subiri," alimwambia Mchongaji, akavua koti, akaenda kuwaita Bi Asumini na mjukuu wake.

*

"Kwa hiyo sikumzika," alisema Bi Asumini.

Alikuwa amekaa wima kwenye kiti cha maabara, Zaituni pembeni yake. Hakupaza sauti, na Namsifu alitamani angepaza.

"Ningeweza kukuficha, Bibi. Nimeona nikwambie. Ukisema nikurudishie, nitakurudishia sasa hivi, na Zaituni tutamtibu kwa njia ya zamani. Atapona. Ila atakuwa anarudi kukatwa kila anapokua."

"Kukatwakatwa."

"Ndiyo, Bibi."

Kikongwe alimtazama mjukuu wake, akaugeukia ukuta. "Hebu nimwone."

Namsifu akawasha kioo. Seli sasa zilikuwa nyingi, zimejipanga kando ya ule uzi, zinang'aa kwa mwanga wa mtambo. Mbele ya macho yao moja ikajibana, ikawa mbili. Bi Asumini alinyanyuka akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Huyu ni Mwantumu?"

"Ni sehemu yake ndogo sana."

"Anafanya nini?"

"Anaongezeka. Anatafuta pa kujenga."

"Hajachoka?"

Namsifu alihisi machozi yanamjia, akayaacha. "Hajachoka, Bibi. Huyu ni wa miaka sita. Hajaumwa bado. Hamjui daktari hata mmoja."

Bi Asumini aliuweka mkono kwenye kioo. Zaituni alikuwa ameacha kujifunika uso, anatazama na macho yamemtoka. Daktari aliona ni haki awaambie na lile jingine, ambalo wanafunzi wake walikuwa hawaliamini mpaka awaonyeshe.

"Kuna kitu kingine, Bibi. Mtoto akiwa tumboni, seli chache za mama huvuka zikaingia mwilini mwake. Hazitoki. Nilipoipima damu ya Zaituni nilizikuta. Za Mwantumu. Zinazunguka naye hivi anavyotembea."

"Yaani hata hapa anazo?"

"Hata hapa."

"Basi hata nilichukue hilo jino nikalizike, bado sitakuwa nimemzika mzima."

"Hakuna mama anayezikwa mzima, Bibi. Hata wewe una za mama yako."

Bi Asumini alijigusa mkono, taratibu, kama anayepapasa kitu alichokitafuta kwa muda mrefu. Halafu akakaa. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ile ya uani, ya kusimamia ngazi.

"Ukilipanda, litaishi mpaka lini?"

"Maisha yake yote. Litakua naye, litazeeka naye."

"Na akifa, Mungu apishe mbali, atazikwa nalo?"

"Atazikwa nalo."

"Nilimwahidi mwanangu nitazika kila chake. Siku hatukutajiana." Alimvuta mjukuu wake katikati ya magoti. "Zaituni, umesikia? Hii ni kazi ya mama yako na mimi siwezi kuimaliza, miguu yenyewe hii. Utaibeba wewe. Ule nayo, useme nayo, uzeeke, uwe na wajukuu wanaokusumbua kama unavyonisumbua. Halafu ndiyo uirudishe. Usiirudishe mapema. Umenielewa?"

Zaituni alifikiri. "Litauma?"

"Kidogo," alisema Namsifu.

"Nitaweza kutafuna mua?"

"Mua, mahindi ya kuchoma, chochote."

"Basi nitalipiga mswaki," aliahidi Zaituni, kwa maneno yake yaliyofumbatika, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwomba arudie.

*

Upasuaji ulikwenda salama. Uvimbe ulitoka, kiunzi kikakaa mahali pake, cheupe na chepesi, na Namsifu mwenyewe akapandikiza mbegu, tone kwa tone, mikono ikiwa imetulia kuliko alivyotegemea.

Kilichofuata hakukizoea, ijapokuwa alikuwa amekiona mara nyingi. Kila asubuhi aliingia wodini na kumulika. Mishipa ya damu iliingia kwenye kiunzi kama maji yanavyotafuta njia shambani. Mfupa ulifuata, ukakifuata kiunzi nyuma na kukila, mpaka hapakubaki kilichochongwa na mtambo, palibaki taya. Kisha ndani ya fizi mpya kukaonekana vivuli vidogo. Vikawa vichwa vya meno. Yakashuka. Zaituni alikuwa akiyapapasa kwa ulimi na kutoa taarifa kwa kila mwuguzi anayepita, na kwa wagonjwa wa wodi ya jirani, na kwa mlinzi wa getini. Midomo yake ilikutana. Maneno yakatoka mazima. Ikawa sasa wauguzi ndio wanaomwomba anyamaze.

Sisimizi waliwekwa kuyaongoza meno mapya yasimame sawa. Asubuhi moja Mchongaji alimwita daktari.

"Kuna hitilafu. Meno mawili ya mbele yanaachana. Sisimizi wanayarudisha pamoja, yanaachana tena. Niwaongeze nguvu wafunge pengo?"

Namsifu alitazama picha. Katikati ya safu safi kulikuwa na uwazi, mpana hasa, na pande zake mbili sisimizi wanasukuma kwa bidii, na taya, kwa upole na ukaidi wa aina yake, linakataa. Hakuna aliyelifundisha. Mtoto wa miaka sita aliyelala chini ya paneli alikuwa amejua muda wote atakavyokuwa akikua.

"Watoe," alisema.

"Niwatoe wote?"

"Wote. Huo ni mwanya. Uache."

*

Bi Asumini hakuambiwa. Namsifu alitaka, na mara mbili alifungua mdomo, lakini Zaituni alikuwa bado amefungwa bandeji mdomo wa juu, na daktari akaona si yeye wa kuitoa habari ile. Alimpa bibi ganda la jino kwenye kipande cha pamba, bibi akalizika miguuni pa kaburi la Mwantumu, akarudi na udongo kwenye vidole, akauliza kama mtoto ameshakula.

Siku ya kutoka, Namsifu aliwasindikiza kwa gari la hospitali. Alisema ni kwa sababu ya barabara mbaya. Bi Asumini alishuka kwanza akaenda moja kwa moja jikoni kuwasha moto, kwa maana haiwezekani mgeni afike kwake akaondoka hivi hivi. Daktari alimfungua Zaituni bandeji ya mwisho pale pale ndani ya gari.

"Nenda kamwonyeshe Bibi."

Zaituni alishuka. Alitembea kando ya migomba akijaribu mdomo wake, anaukunja, anaunyoosha, anavuta hewa baridi kupitia meno mapya. Hewa ilipita mahali ambapo haikuwahi kupita. Akashangaa. Akaisukuma nje kwa nguvu.

Mluzi ulitoka mrefu, mkali, ukapanda kilimani na kurudi.

"Acha mluzi wewe, utaita nyoka!" alifoka Bi Asumini kutoka jikoni.

Kisha sufuria likaanguka.

Akatokea mlangoni, mikono imejaa unga, ameshika fremu ya mlango. Zaituni alikuwa amesimama katikati ya uwanja, amejifunika mdomo kwa mtandio kama zamani.

"Samahani, Bibi. Sikujua. Umetoka wenyewe."

"Toa mkono."

Zaituni alitoa mkono. Bi Asumini alimtazama kwa muda mrefu sana, na Namsifu, kule garini, akainama ajifanye anatafuta kitu miguuni.

"Hebu piga tena," alisema Bi Asumini.